Kadi Iliyokosa Antena Moja

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, bahasha ya mtihani wa hesabu ilikuwa bado imefungwa kwa lakiri juu ya meza ya mkuu wa shule, na maswali yake yote arobaini yalikuwa tayari kwenye simu ya mwanafunzi. Hazikuwa picha zilizopigwa kwa kuibia. Lilikuwa faili lenyewe, safi kabisa, lenye nembo ya shule juu.

Faili hilo, pamoja na ya masomo mengine kumi, lilikaa kwenye kompyuta moja tu, ile ya mezani katika chumba cha mitihani. Haikuunganishwa na mtandao wowote. Flashi zilizuiwa kwa nenosiri, na printa ilihesabu kila karatasi iliyotoka. Saa mbili na nusu makamu wa mkuu, Pak Hadisuwito (Pak kwao ni Bwana), aliamuru boksi la kompyuta lifunguliwe. Ndani, mahali palipopaswa kuwa patupu, palikuwa na kadi ya waifai na bluetooth, imechomekwa kwenye ubao mkuu wa saketi.

Saa nne kamili mwalimu wa maabara ya kompyuta, Pak Tukiran, alikuwa ameshatia sahihi barua ya kujiuzulu.

Miaka kumi na minne alifundisha katika shule hiyo ya Malang, Indonesia, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwaka huu ndipo jina lake lilipofika kwenye orodha ya ajira ya kudumu. Barua ilikuwa ipelekwe kwa taasisi inayomiliki shule saa sita mchana. Ikifika huko jina linafutwa, na hakuna shule nyingine mjini itakayompokea mwizi wa mitihani. Taasisi ilidai kitu kimoja tu cha kuambatanisha, maelezo ya fundi wa nje. Ndiyo maana wakamwita Bu Winarsih (Bu kwao ni Mama).

Kama walitaka mtu wa kunywa chai na kutia sahihi, walikosea anwani. Bu Winarsih, mjane wa miaka hamsini na miwili, alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta katika orofa ya pili ya soko la vifaa, na ulimi ambao wateja waliuogopa kuliko bei zake. Alifika saa nne na dakika ishirini, koti la mvua likidondosha maji, akavua viatu mlangoni na kuingia. Mkuu wa shule, Bu Pangesti, alisimama kando ya kompyuta pamoja na makamu wake. Pak Tukiran aliketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani.

"Nani amegusa kitu tangu boksi lifunguliwe?" aliuliza Bu Winarsih.

"Hakuna, Bu," alisema Pak Hadisuwito. "Nimelinda mwenyewe. Wewe andika tu kwamba ni kadi ya waifai, imewekwa na mtu mwenye utaalamu, basi. Tusikuchoshe."

"Sijachoka bado. Nani alimwona akiiweka?"

"Akiiweka, hakuna. Akiitumia, nilimwona mimi." Alikohoa kidogo. "Ijumaa, saa kumi na robo jioni, watu wameshaondoka. Nilipita dirishani. Alikuwa ameketi hapo hapo, simu mkononi. Kwenye skrini kuna ile alama ya bluetooth, na chini yake imeandikwa faili limetumwa. Nina miwani, Bu, lakini sijapofuka."

"Una hakika ilikuwa bluetooth?"

"Alama hiyo naiona kila siku kwenye gari langu. Naapa."

Pak Tukiran aliinua kichwa. "Ijumaa jioni nilikuwa humu, ndiyo. Nilikuwa nabadilisha wino wa printa. Bu Yayuk wa masjala ndiye aliyenituma."

"Si mnasikia? Kakiri!" alidakia makamu.

"Kakiri wino," Bu Winarsih akamkata. "Tulia, Pak. Kila mtu atapata zamu yake."

Akapiga magoti, akawasha tochi ndogo. Alitazama kwa dakika kumi, na kila alichokiona alikiandika kwenye daftari. Kadi imekaa vizuri. Kwenye bati lake kuna stika ya waranti ya duka, haijachanika, ina namba ya kibanda na namba ya kadi. Nyuma ya kompyuta, upande uliotazama ukuta, kuna vishikizo viwili vya antena, lakini antena ni moja. Na pembeni mwa ubao mkuu kuna pini tisa ndogo, tupu, zimeshika vumbi.

Alizitazama pini hizo mara ya pili. Kisha akasimama.

"Pak Tukiran, maabara yako ina kadi za namna hii?"

"Kumi na mbili. Nilizifunga mwaka jana kwa mkono wangu."

"Twende nikazione. Wote."

Maabara ilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Bu Winarsih alifungua kompyuta tatu alizozichagua mwenyewe. Katika kila moja, waya mwembamba ulitoka kwenye kadi, ukapita ukingoni umefungwa kwa kamba ya plastiki, ukachomekwa kwenye pini tisa za ubao mkuu. Akayafunga maboksi tena. Bu Pangesti aliyemtazama usoni aliona mashavu yamewiva kwa hasira.

Waliporudi, aliiwasha kompyuta ya mitihani, kwanza akalinganisha saa yake na ya mkononi. Zilipishana dakika moja. Akafungua kumbukumbu za mitandao.

"Kompyuta hii imewahi kuingia kwenye mtandao mmoja tu maishani mwake," alisema. "Intaneti ya simu ya mtu. Ijumaa, saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi. Pak Tukiran, ulikuwa wapi?"

Aliyejibu ni mkuu wa shule. "Uwanjani. Ijumaa asubuhi shule nzima tunafanya mazoezi ya viungo, toka saa moja hadi saa mbili kasoro robo. Yeye..." Sauti ilipungua. "Yeye ndiye anayeongoza. Alikuwa jukwaani."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Mia sita."

Mtu mwenye akili angetegemea kwamba hapo hapo mtu angemwomba radhi yule aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Hakuna aliyemwomba. Mnyonge akishatiwa doa, hata jua likimshuhudia wataliuliza kitambulisho.

"Basi alikuwa na mwenzake," alisema Pak Hadisuwito haraka. "Bu Yayuk ndiye mwenye ufunguo wa chumba hiki. Na Ijumaa hakuja uwanjani, ukitaka kujua. Mwenzake wa asubuhi, yeye wa jioni."

Bu Yayuk aliitwa. Alikuja akichechemea, mwanamke mnene aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alipoambiwa anachoshukiwa aliweka mkono kiunoni.

"Mimi? Mimi waifai ya simu yangu huniwashia mjukuu! Goti limevimba tangu Jumatano, nilikuwa jikoni nachemsha chai yenu hiyo mnayoinywa!"

"Na ufunguo, mama?" aliuliza Bu Winarsih kwa upole.

"Msumarini, nyuma ya mlango wangu, miaka yote. Walimu wote wanaujua. Nani kanitaja? Huyu?" Akamgeukia makamu. "Mtu aliyerudisha mkate dukani eti zabibu zimepungua, leo anahesabu watu? Kwake hata njiti ya kiberiti ikipungua lazima duka lijue!"

"Bu Yayuk, heshima," alisema mkuu wa shule.

Lakini Bu Winarsih alikuwa ameacha kuandika. Alitazama nyuma ya kompyuta, pale penye kishikizo kisicho na antena. Kisha akaomba radhi, akatoka kwenda ukumbini, akampigia simu mwenye kile kibanda cha kwenye stika. Alimsomea namba ya kadi, akasikiliza, akauliza swali moja, akasikiliza tena. "Usiondoke karibu na simu," alimaliza. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano.

Saa tano na nusu wote watano walikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Barua ya kujiuzulu ilikuwa mezani.

"Nitasema polepole," alianza Bu Winarsih, "kwa sababu nikisema haraka nitatukana. Kadi hii ni moja lakini ina kazi mbili. Waifai inapita pale kadi ilipochomekwa. Bluetooth haipiti hapo. Bluetooth ina waya wake, mwembamba, unaotoka kwenye kadi kwenda kwenye zile pini tisa. Usipouchomeka, kompyuta haijui kama bluetooth ipo duniani. Haina alama, haina 'faili limetumwa', haina chochote. Kwenye kompyuta hii waya haupo, na vumbi la zile pini halijaguswa. Pak Hadisuwito, uliona nini Ijumaa jioni?"

"Labda... labda ilikuwa waifai. Nilichanganya."

"Uliapa."

"Nilichanganya, nimesema!"

"Hukuchanganya. Ulisoma maandishi ya boksi la kadi, waifai na bluetooth, ukadhani ukichomeka moja umepata zote. Kosa la mtu asiyejua. Pak Tukiran amefunga kadi kumi na mbili na hakusahau waya hata mmoja. Kwa hiyo aliyeweka hii si yeye. Umewahi kununua kadi kama hii, Pak?"

"Sijui hata zinauzwa wapi."

"Jumamosi saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu. Swali gani hilo?"

Bu Winarsih akapiga simu, akaiweka mezani, akaongeza sauti watu wote wasikie. "Koh Hwie, sema ulichoniambia."

Sauti ya muuza duka ilikuja na kelele za soko nyuma yake. "Kadi hiyo niliuza Jumatano. Karatasi ya waranti ninayo hapa, jina Hadisuwito, namba ya simu inaishia mia saba sabini na moja. Jumamosi saa nne kaja kunifokea mbele za watu. Boksi lilikuwa na antena moja badala ya mbili. Nikamwambia, Pak, hata kwa moja inashika. Hataki! Anasema kalipia mbili. Nikampa, kasaini kuipokea. Bu, mwambie asirudi, kanifukuzia wateja wawili."

Simu ikakatwa. Bu Pangesti alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Mtu kaiba mitihani ya shule nzima," alisema Bu Winarsih, na sasa sauti ilipanda, "halafu anakwenda kudai antena! Hata stika hukuibandua, ili ukimaliza uirudishe kadi dukani urejeshewe pesa. Vyako huachi hata kipande, ila miaka kumi na minne ya mwenzako umeitupa kama ganda la ndizi!"

Pak Hadisuwito aliketi bila kukaribishwa. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwenye kiti hicho.

"Ni Dyah," alisema. "Binti yangu, anasoma hapa hapa, kidato cha mwisho. Vyuo vikuu vinaita wanafunzi bora kwa alama za shuleni, bila mtihani wa kuingia, na yeye alikuwa amebakiza nafasi moja tu kuingia kwenye orodha ya shule. Nafasi moja. Masomo yote kumi na moja nisingeweza kuyapiga picha kabla watu hawajarudi. Kwa waifai ilichukua dakika tano."

"Kwa nini hukuitoa kadi?"

"Nilirudi Ijumaa jioni kuitoa. Tukiran alikuwa humo na wino wake. Kisha Dyah akampa rafiki yake yale maswali, leo asubuhi yakasambaa... Nikaona wataitafuta tu. Na kadi ya kompyuta, watu wangemfikiria nani?"

Alilisema kama jambo la kawaida, na hilo ndilo lililochoma zaidi. Pak Tukiran hakutikisika.

Bu Pangesti alipumua kwa nguvu. "Jamani. Hapa sisi ni familia moja. Mambo ya familia humalizwa nyumbani. Mitihani tutatunga upya. Pak Hadisuwito ataomba kustaafu mapema, kimya kimya, binti asiaibike. Bu Winarsih, wewe ungeandika tu kwamba kompyuta ilikuwa na hitilafu. Na wewe, Pak Tukiran, hii tunaichana, tunasahau." Akaichukua barua, akaishika kwa vidole viwili katikati.

"Mimi hitilafu naandika zilizopo," alisema Bu Winarsih. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

"Usichane," alisema Pak Tukiran.

Alikuwa amesimama. Mtu huyu aliyeongea kwa kunong'ona asubuhi yote alisimama mbele ya meza ya mkuu wake, shingo imekaza, macho mekundu.

"Miaka kumi na minne, Bu. Kompyuta yako nimeitengeneza mimi. Ya mwanao nimeitengeneza mimi, nyumbani kwako, siku ya pili ya Idi, nimewaacha wangu. Leo ulinipa kalamu kabla hujaniuliza swali. Hata moja. Hukuniuliza, 'Tukiran, ni wewe?'"

"Nilichanganyikiwa, Pak. Makamu alisema ameona..."

"Familia humfukuza mtu kwanza ndiyo imuulize?" Akaitoa barua vidoleni mwake, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Sahihi ni yangu, na saa niliyosaini imeandikwa. Iende taasisi kama ulivyopanga, pamoja na maelezo ya fundi. Wasome zote mbili. Waone ni dakika ngapi zilitosha mimi kuwa mwizi, na ni nani aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho."

Pak Hadisuwito alifungua kinywa. Bu Yayuk akamwambia afunge, naye akafunga.

Bu Winarsih aliandika kurasa mbili, kwa jina la kila mtu na saa ya kila jambo, akatia sahihi, akazisukuma upande wa pili wa meza. Bu Pangesti alizisoma hadi mwisho. Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Akachukua kalamu ile ile, akaandika chini kabisa kwamba yeye ndiye aliyeamuru barua isainiwe bila kumhoji mhusika, akaweka jina lake. Tarishi alikuwa akingoja mlangoni na koti la mvua. Bu Pangesti alimwomba koti hilo, akavaa, akatia karatasi zote kwenye bahasha na kutoka nayo mwenyewe.