Walivyompokea Yahaya Chuoni

"Yahaya, nakusemesha! Mbona kimya?"

Yahaya akageuza uso mzima.

"Kaa huku kushoto, mpenzi. Sikio la kulia halisikii tena."

Lo! Mwamvita akahamia kushoto. Alikuwa amekuja mbio hadi stesheni ya Tabora baada ya kusikia kwamba mchumba wake anarudi kwao Kisarawe, na wala mwezi hajamaliza pale chuo cha ualimu. Mwaka 1953 huo, nafasi ya chuo ilikuwa adimu kweli.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Wa mwaka wa pili. Wanasema kila mgeni lazima apokewe. Wamenizamisha kichwa kwenye pipa la maji, wakanizaba makofi ya masikio. Aliyenishika shingo ni kaka yako."

"Kaka Ramadhani?"

"Huyo huyo. Nikilia, ananiambia, 'Wewe Mzaramo ni mtani wangu, unakasirika nini?' Wenzake wanacheka."

Mwamvita akajishika kichwa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ya wapagazi ilipokuwa ikishuka pwani, na anayenunia utani huonekana hana adabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka yake, "Shemeji yako anakuja chuoni, mtanie mpaka azoee." Masikini, alidhani anampa mtu wa kumlinda!

"Hukumwambia mwalimu wa bweni?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Watani nyie, yamalizeni wenyewe.'"

"Utani gani huo! Mwenzio akisema basi, si unaacha?"

"Nilisema basi, Mwamvita. Nilisema mpaka maji yakaniingia puani. Bweni zima linatazama, hakuna aliyethubutu kwenda kumwita mtu."

Mara Ramadhani akatokea, anahema.

"Shemeji, nisamehe. Ulikuwa mchezo tu. Na sisi tulifanyiwa hivyo hivyo."

Yahaya akampa mgongo. Akanyanyua sanduku lake.

"Nichukue, twende wote," Mwamvita alilia.

"Nakupenda, wallahi. Lakini nikikuoa, huyu atakuja kubisha hodi kwangu. Nitamwambia karibu kwa mdomo gani?"

Yahaya akapanda, treni ikaondoka naye. Mahari ilishapokelewa, siku ya ndoa ilishapangwa, na yote yakaishia pale.

"Ramadhani, wageni wengine wanafika lini?"

"Jumatatu."

"Na wao mtawapokea hivyo?"

"Mimi naacha, dada. Wenzangu siwawezi."

"Basi twende sasa hivi kwa mkuu wa chuo. Umweleze kila kitu, na majina uyataje."

"Atanifukuza!"

"Akufukuze!"

Ramadhani akakaa kwenye benchi, akainamisha kichwa. Mwamvita akamshika mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. Kaka mtu hakuinuka.