Toleo la Agosti Ishirini na Saba

Mzee Bedřich alikutwa amekufa asubuhi kitandani, hospitalini Brno, pampu ya dawa bado inalia kando yake. Ilikuwa imemsukumia dozi mara kumi ya ile aliyoandikiwa.

Kufika saa nne, muuguzi Zdeňka, mama wa watoto wawili, alikuwa chini ya ulinzi.

"Nilibonyeza mbili, afande. Si ishirini," alimwambia Inspekta Hloušek. "Nikifungwa, wanangu nani atawalea?"

Hloušek akaenda kwa waliotengeneza mfumo endeshi wa pampu. Mkuu wao, Otakar, alimpokea kwa tabasamu.

"Toleo lililomo ni zima. Soma mwenyewe: limeundwa Juni, limepimwa."

"Na lililokuwamo mzee alipokufa?"

"Hilo halijulikani tena. Zana yetu ya kubadilisha matoleo hufuta taarifa za lililotangulia. Nani aliliunda, lini, vyote vinakwenda."

"Pampu inaonyesha lilibadilishwa muda wa saa mbili baada ya kifo. Nani alilibadilisha?"

"Ratiba tu, bwana. Utaitia pingu ratiba?"

Fundi mmoja, Vendula, aliweka kikombe chake chini.

"Bosi, hiyo ni zana ya zamani. Mara tatu nilikuomba tuiboreshe itunze taarifa zote, ukaniambia napoteza muda. Mwezi wa saba ukachoka, ukaniandikia: fanya utakavyo. Basi nikafanya. Pampu za wodi ya yule mzee zina zana mpya."

Tabasamu la Otakar likaisha.

Pampu ilifunguliwa mbele ya mashahidi. Taarifa za toleo lililoondolewa zilikuwamo zote. Muundaji: Otakar. Agosti ishirini na saba, saa tisa alasiri. Vipimo: hakuna.

Kwa Wacheki kila jina lina siku yake ya sherehe, na Hloušek hakuhitaji kalenda. "Siku ya kina Otakar wote. Ulikuwa unasherehekea jina lako."

"Wenzangu walishakaa mezani, keki zimekatwa, pombe ya slivovice imemiminwa. Vipimo huchukua muda wa saa nne nzima, afande! Na nilikuwa nimegusa mstari mmoja tu wa programu, ule wa kusoma dozi."

"Mzee alipokufa?"

"Nilijua palepale. Nikarudisha la Juni."

"Ukamwacha muuguzi abebe."

"Niliogopa. Nina binti chuoni, angesikia nini juu yangu?"

"Muuguzi ana wawili, hata darasa la tatu hawajafika."



Enyi mnaotengeneza vitu vya wagonjwa, keki itangoja. Zdeňka aliachiwa jioni, akawakuta wanawe kwa jirani, wamevaa viatu tayari kumfuata, wamekataa kula.