Dawa Isiyoagizwa

Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya wake umechomolewa ukutani, lakini Bi Tunu alipoifuta kwa kitambaa aliikuta ya moto kama paji la mtoto mwenye homa. Akanusa. Marashi ya mawaridi, yale anayonyunyiziwa maiti.

"Najma, nani kaingia humu?"

"Hakuna mtu, mama. Wateja tu."

Wateja! Mwaka ule wa mvua za Elinino, nyumba yao ya Temeke ilikuwa haiishi watu. Najma, na mimba yake ya miezi saba, alipiga chapa kadi za harusi na barua za mtaa mzima, na kila mtu alikuja na diski yake. Leonardi, fundi aliyewafungia mashine, alimwonya mapema:

"Dada, diski usiyoijua ilikotoka usiitie humu. Zina virusi hizo. Na dawa ya virusi ukanunue dukani, ikiwa imefungwa. Ya mtu wa njiani usipokee."

Najma alicheka. "Sasa mgeni kaja na diski yake, mie nimwambie nini? Naona kinyaa?"

Alasiri ile Najma alipoiwasha mashine, kioo kikaandika chenyewe, herufi moja moja. Mtoto akaruka tumboni. Kikafuta. Kikaandika tena. Akaruka tena.

"Kinasema nini?" Bi Tunu aliuliza, maana yeye kusoma hakujaliwa.

Najma akanong'ona, "Najat."

"Jina la mtoto? Si tunalijua mie na wewe tu?"

"Nililiandika humu, mama. Nilidhani kuandika si kutamka."

Bi Tunu akajipiga kifua. Kwao jina la mtoto hufichwa mpaka siku ya saba. Likisikika mapema, mwenye jina huitwa na wasio watu, na akiitika huchukuliwa.

Kesho yake, jua la utosi, mtu akapiga hodi. Alikuwa mwanamume wa kanzu nyeupe, mpole, sauti yake laini kama ya msomaji talakini kaburini, na nje mtaa mzima ulikuwa tope mpaka vifundoni, watu wanapita viatu mkononi, lakini miguu yake mikavu, safi, na kadiri alivyosogelea kizingiti ndivyo marashi yalivyozidi, mpaka Bi Tunu akahisi ulimi unamwia mzito, na nyuma yake mashine ikaanza kunguruma bila ya mtu kuigusa.

"Mashine yenu inaumwa," alisema. "Nimewaletea dawa. Bure."

Akatoa diski nyeusi. Najma, jasho linamchuruzika, akanyoosha mkono.

"Rudisha mkono, mwanangu," Bi Tunu alinong'ona. Kisha akamgeukia mgeni. "Sie hatujamwambia mtu kama tuna mgonjwa. Mganga huitwa, baba. Wewe nani kakuita?"

"Najat," akatabasamu. "Mwenyewe kaniita."

Mtoto akajipinda tumboni, Najma akaanguka kwa magoti. Bi Tunu akasimama katikati yao.

"Najat ni mimi. Na sikukuita."

Mgeni akamtazama sana. Akacheka taratibu, kama mtu aliyekosa samaki lakini kapata kichwa.

"Haya, Najat. Nimeshakujua."

Akaenda zake. Topeni hakuacha unyayo.

Leonardi alikuja na dawa ya dukani, karatasi yake haijachanwa. Akaipima mashine, akapima diski zote. "Sasa safi, mama. Diski ya mtu ipimwe kwanza, hata ya shehe. Na siri zenu msiziweke humu."

Mtoto akazaliwa mzima. Siku ya saba wakamwita Mwanahawa, na jina lile halikutajwa tena.

Lakini kila jua la utosi, Bi Tunu husikia mtu barazani akimwita Najat, kwa upole, kwa sauti ya marehemu mama yake. Haitikii. Juzi tu alijisahau. Alikuwa anapepeta mchele, akainua uso na kuvuta pumzi, "Abee" iko mdomoni, na Najma aliyekuwa ananyonyesha akamtupa mtoto mkekani, akaruka, akamziba mdomo mama yake kwa viganja viwili.

Wakakaa hivyo mpaka adhana.