Mama Azimia kwa Mara ya Tatu

"Mama kazimia," nilimwambia mchumba wangu kwenye simu.

"Tena?"

Hiyo "tena" iliniuma kwa sababu ilikuwa haki yake. Mchumba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alishavaa shati la pasi, shangazi yake yuko kwenye gari, wanakuja kujitambulisha. Safari ya kwanza Mama alizimia jikoni. Ya pili, bafuni. Leo kazimia kwenye kochi, kichwa juu ya mto.

"Tuahirishe?" nikauliza.

Nikamsikia shangazi akiuliza kama ashuke.

"Nakupenda," akasema. "Ila leo nikigeuza gari, sirudi tena."

Akakata.

Mimi ni muuguzi. Wodini mtu akianguka, kwanza napima, mengine baadaye. Lakini kwa mama yangu, miaka thelathini na mbili, sijawahi kupima kitu. Nilikuwa naomba msamaha tu.

Nikaleta kipimo cha presha.

"Unafanya nini?" Mama akauliza, macho kafumba.

"Nakupima."

"Siwezi hata kuongea."

"Nasikia."

Mashine ikajaa upepo, ikashuka. Mia na ishirini kwa themanini.

"Mama, presha yako nzuri kuliko yangu."

Akafumbua macho. "Kwa hiyo mimi mwongo? Mimi niliyeacha maisha yangu kwa ajili yako? Mfukuze huyo mchomelea vyuma uone kama sitapona."

Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Akaiweka mezani taratibu.

"Dada, hata kwenye harusi yangu ulizimia, huyu hajazaliwa bado. Watu wanapanga mstari wa picha, wewe chini. Nilikaa hospitali na gauni langu nakupepea, daktari akasema una njaa tu."

"Na wewe umenigeuka."

"Sijakugeuka. Nimechoka kupepea."

Nikacheka mpaka nikalia. Kumbe si mimi niliyekuwa namuumiza. Alikuwa hivi kabla sijazaliwa.

Nikamwandikia mchumba wangu: "Usigeuze gari. Njooni."

"Na mama?"

"Mzima. Yuko kwenye kochi. Mtamsalimia hapohapo."

Wakaja. Shangazi akampa pole, Mama akageukia ukutani. Tukapanga siku ya ndoa nyuma ya mgongo wake, kihalisi kabisa, huku mchumba wangu akisogeza miguu ya Mama apate pa kukaa.

Wageni walipoondoka, Mama akainuka vizuri tu.

"Chagua. Mimi au yeye."

Zamani ningepiga magoti.

"Sichagui, Mama. Jumamosi saa nne asubuhi, kwa msajili wa ndoa. Kiti chako kipo mbele. Ukizimia, muuguzi mwenzangu atakuhudumia. Mimi nitakuwa likizo."

"Utajuta."

"Labda. Saa nne, Mama."

Jumamosi saa nne msajili akauliza kama kuna mtu tunamsubiri. Mchumba wangu akaniangalia.

"Hakuna," nikasema. "Tuendelee."

Mama aliingia saa nne na nusu, kavaa nyeupe kunishinda mimi. Wino ulishakauka kwenye cheti.

"Mmeanza bila mimi?"

"Tumemaliza, Mama. Njoo tupige picha."

Akatazama sakafu, akatutazama. Mama mdogo akaikumbatia pochi yake, wala hakutafuta cha kupepea. Mama akasogea, akasimama pembeni ya mkwewe.

"Nisogezeeni huyu," akasema. "Ananiziba."

Mume wangu hakusogea.