Uji wa Mama Pacha

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimpeleka mdogo wake, mtoto wa kutambaa, kwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili. Mama yake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na zamu haimngoji mtu. Baba naye alifanya kazi mji mwingine. Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka siku ya mdahalo.

Mada ilikuwa kwamba mama mwenye mtoto mdogo abaki nyumbani. Chiriku alipangwa upande wa kuunga mkono, na kwa maneno, binti yule hakupewa jina lake bure. Alipoona wenzake wanapiga miayo, akatia chumvi.

"Mdogo wangu analelewa na Mama Pacha," alisema. "Ananyweshwa uji baridi, analia mpaka sauti inamkauka!"

Makofi yakarindima, upande wake ukashinda. Chiriku alirudi nyumbani kichwa juu. Alisahau kwamba mmoja wa wale pacha wa jirani alikuwa kwenye dawati la nyuma, naye ana masikio.

Kesho yake mlango wa jirani ulifunguliwa nusu.

"Leo simchukui mtoto," alisema Mama Pacha. "Mpelekeni kwa mwenye uji wa moto."

Chiriku akarudi mbio kumwita mama yake, ambaye alikuwa ameshavaa sare.

"Kulikoni, jirani?"

"Muulize bintiyo. Mwanangu jana alirudi analia. Shule nzima inamwita Uji Baridi."

Mama alimgeukia Chiriku. "Nikikosa zamu leo, kazi sina. Umesema nini?"

Chiriku angeweza kuruka kimanga. Lakini mdogo wake alikuwa amemnyooshea Mama Pacha mikono, anataka kubebwa, na Mama Pacha alikuwa akitazama pembeni. Aibu ikamshika Chiriku hasa.

"Nilidanganya," alisema. "Uji unaupoza ili asiungue. Wala kwako halii, analia nikija kumchukua. Nilitaka makofi tu. Nisamehe, Mama Pacha. Leo nitasema ukweli darasani."

"Mbele ya wale wale waliokupigia makofi?"

"Wale wale."

Mama Pacha akampokea mtoto. Mama akaondoka anakimbia.

Darasani Chiriku alisimama akasema yote. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliwapa ushindi wapinzani, na wenzake wa upande wake wakamnunia mpaka kengele ya mwisho.

Jioni alimuuliza mama yake, "Mama, wewe hutamani kubaki nyumbani?"

"Siku nyingine natamani sana," mama alijibu. "Wapo wanaobaki, wapo wanaotoka, kila nyumba inajua mzigo wake. Ukiona nikae, niambie, tutazungumza. Hilo si kosa. Kosa ni kumpaka matope mtu anayetubebea mtoto, ili wewe usifiwe. Watu wananishukuru mimi kwa kuwafikisha hospitali, mwanangu. Hawajui kwamba bila Mama Pacha lile gari haliondoki."