Anza Wewe, Sumayya

Mama Kalunde alifungua kiondo chake, akatoa chupa ya jemu isiyo na jemu, akaiweka katikati ya meza ya mzee Othman. Ndani mlikuwa na maji, na ndani ya maji vidude vyeusi vidogo, kila kimoja kimevaa ute mweupe kama mayai ya chura.

"Hii ndio mmekuwa mkimpatia kijana yangu?"

Sumayya, binti wa nyumba ile, aliinama kuitazama chupa. Vile vidude alivijua. Jana aliviacha kwenye glasi dirishani mwa jikoni, akavifunika na kisahani. Usiku alikuta glasi imepungua nusu, akasema moyoni huyu paka wetu sasa amezidi. Kumbe paka alikuwa ni mama mkwe mtarajiwa, aliyekuja kutembea na akajitolea kusaidia kuosha vyombo.

"Mama, hizo ni mbegu za rehani, ule mmea wa kunukia," Sumayya alisema. "Nimezilaza kwenye maji ili nizipande."

"Mbegu?" Mama Kalunde akamgeukia shemeji yake, mzee Maundu, aliyekuja naye kutoka kwao Kalama. "Mimi nimepanda mahindi, nimepanda mbaazi, nimepanda pojo. Sijawahi ona mbegu yenye inakuangalia na macho."

Kando ya mzee Maundu aliketi Kiema, mchumba mwenyewe, anatazama viatu vyake. Ni yeye aliyetuma ujumbe wa simu asubuhi hiyo ya Jumapili: "Sumi, mum amepata kitu kwa jikoni yenu. Tunakuja na uncle saa nane. Usinipigie." Sumayya aliusoma mpaka betri ikalia, na bado hakuelewa amekosa nini.

Ni vizuri msomaji ajue Mama Kalunde alikuwa na donda tayari. Kiema alikuwa kijana wa kanisani, fundi wa redio mjini Machakos ambaye mwaka ule wa 2003 alikuwa ameanza kufungua na simu. Siku moja akaletewa redio na binti wa Othman mwenye duka la vitambaa nyuma ya msikiti. Redio ilipona, fundi akaugua. Mwaka haukwisha akasilimu, akapewa jina la Ramzi, na mama yake akakataa katakata kulitamka. Alimzaa Kiema, atamwita Kiema. Tangu hapo alikuwa akijiuliza huko mjini wamemlisha nini mtoto wake. Jana akaona amepata jibu.

Naye Sumayya alikuwa na siri, ila si hiyo. Marehemu bibi yake, mtu wa Mombasa, alimwachia mbegu za rehani zilizofungwa kwenye kitambaa, akamwambia siku ya harusi avae kifuani kikuba, kishada cha kunukia, cha rehani aliyoiotesha kwa mkono wake. Bwana harusi haambiwi, anakuja kuinusa siku hiyo. Basi Sumayya akachanganya mchanga na mbolea ya mbuzi, akajaza mikebe nyuma ya jikoni, akamwaga baadhi ya mbegu zikiwa kavu. Sisimizi wakazibeba zote. Safari ya pili akazilaza zilizobaki kwenye maji kwanza, maana mbegu ya rehani ikinywa maji huvimba, ikatoa ute, ikashika udongo, na sisimizi hawaiwezi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Mzee Othman alieleza haya yote kwa upole. Mzee Maundu, ambaye alitaka sana yaishe kwa amani, akaomba aonyeshwe hiyo mikebe. Akaenda nyuma, akarudi anatikisa kichwa.

"Ni mchanga tu. Hakuna kitu imeota."

"Nimezipanda leo asubuhi," Sumayya alisema.

"Leo asubuhi," Mama Kalunde alirudia. Kisha akalitoa lile neno ambalo kila mtu alikuwa akilizunguka. "Hii ni kamuti."

Kamuti, dawa ya kumfunga mwanamume asione mwanamke mwingine. Nchi nzima huwatania Wakamba kwa kamuti, na leo Mkamba ndiye anamshtaki nayo mtu wa pwani. Wakati mwingine wangecheka wote. Bi Khadija, mama yake Sumayya, aliinuka kitini. Alitaka kusema jambo, mumewe akamwekea mkono begani.

Sumayya hakumtazama tena Mama Kalunde. Alimtazama Kiema.

"Wewe unasemaje?"

"Sumi, mimi sisemi ni wewe." Kiema alijibu. "Lakini kuna vitu naona. Nikitoka hapa siwezi lala. Niko na kazi mbele yangu na nakuwaza tu. Hata chakula inanishinda."

"Hayo yanaitwa mapenzi, Kiema."

"Pengine."

Lile neno moja lilimchoma kuliko kamuti yote. Sumayya akaichukua chupa, akafungua kifuniko, akavuta kiti hadi mbele ya mchumba wake.

"Bibi yangu alikuwa akizitia hizi kwenye sharubati, tunakunywa watoto wote. Tunywe pamoja. Wewe nusu, mimi nusu, mama aone, yaishe."

Kila mtu alimgeukia Kiema. Aliitazama chupa, akamtazama mama yake, akarudi kwenye chupa.

"Anza wewe," akasema.

Bi Khadija alifunika uso na mtandio. Sumayya alikaa na chupa mkononi, anajaribu kukubali kwamba sauti ile ndiyo iliyowahi kumwambia ingekufa kwa ajili yake. Kisha akanywa, taratibu, mpaka nusu. Aliposhusha chupa akaona jambo ambalo hatalisahau: Kiema alikuwa anamwangalia koo. Alikuwa anangoja aone kama ataanguka.

Hakuanguka. Alivua pete, akaitumbukiza ndani ya chupa, akafunika, akairudisha kwenye kiondo cha Mama Kalunde.

"Nendeni salama, mama."

Kesho yake simu ililia. "Sumi umeamkaje? Uko sawa?" Alijikuta anatabasamu kabla hajaelewa. Halafu akaelewa. Kiema alikuwa anauliza kama bado yuko hai. Akaizima simu, akalia mpaka Bi Khadija akaja kulala naye.

Zikapita wiki. Jumamosi moja Sumayya alikuwa nyuma ya jikoni akinyunyizia maji mikebe yake kwa vidole, maana ukimwaga kwa kikombe unaizamisha miche. Rehani ilikuwa imejaa, ya kijani kibichi, haina harusi ya kwenda. Mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa Mama Kalunde, peke yake, amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia.

"Dawa yenu imeota," alisema.

Sumayya alichungulia mkebe. Ndani kulikuwa na miche minne ya rehani.

"Nilitoa pete, zingine nikamwaga pale tunaoshea sufuria, nikasema ardhi imeze hiyo uchafu. Juzi nikaona hii. Nikasugua jani, nikanusa." Aliuweka mkebe chini. "Inakaribia yale majani ya porini baba yake Kiema alikuwa anapaka mzinga ndio nyuki waingie. Maisha yangu yote nimeishi na hiyo harufu. Mwana wakwa, mtoto wangu, nilikuita mchawi kwa nyumba ya baba yako. Nisamehe."

Sumayya alimshika mikono, akamkalisha kwenye kibao, akamwambia amesamehe, na ilikuwa kweli. Bi Khadija akaleta chai.

"Sikuja kumwombea Kiema," Mama Kalunde alisema baada ya kunywa kidogo. "Lakini amenifuata. Yuko hapo nje."

Kiema aliingia amekonda, pete mkononi. Aliona mikebe, akaona miche, akaelewa. Kando ya mikebe palikuwa na kikombe cha mbegu nyingine zilizolazwa. Akakinyanyua.

"Sumi, nitakunywa yote. Sasa hivi. Unione."

"Kiweke chini."

"Wacha nikunywe, tafadhali. Nilikosea."

"Leo hata kuku atakunywa, Kiema. Leo unajua ni mbegu." Hakupandisha sauti. "Siku ile hukujua, ndiyo maana ilikuwa siku ya kunywa. Ulinitanguliza mimi, ukakaa kuangalia nife."

Kiema alikirudisha kikombe chini. Alimgeukia mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mum, twende."

Mama Kalunde alisogeza kibao karibu na mikebe, akauliza miche hupewa maji asubuhi au jioni. Kisha akamjibu mwanawe bila kumtazama.

"Tangulia. Mimi sijamaliza chai."