Ramani ya Vijiti

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, Abshiro aliinua kitambaa kwenye meza ya maonyesho katika ukumbi wa chuo kimoja mjini Garissa. Meza ilikuwa tupu. Ramani ya vijiti haikuwepo.

Ilikuwa ramani ya bahari, iliyofuata mtindo wa mabaharia wa Visiwa vya Marshall, kule Pasifiki. Vijiti vilivyopindwa vilionyesha mawimbi, na kauri, yale makombe madogo ya baharini, zilionyesha visiwa. Karatasi kando yake ilisema: Imetengenezwa na Mwalimu Hesbon. Saa nne wageni kutoka Nairobi wangekuja kuitazama, na Hesbon alitarajia cheo.

"Ufunguo anao huyu mfagiaji peke yake," Hesbon alimwambia mkuu wa chuo, Bwana Gelle. "Ita polisi."

Gelle alimgeukia Abshiro, akamnyang'anya ufunguo. "Una mpaka saa nne. Isipoonekana, kazi huna, na polisi watakuja."

Abshiro hakuwa mtu wa maneno mengi. Alienda kusimama uani, akakumbuka asubuhi yake. Saa kumi na mbili alifungua ukumbi akafagia, ramani ilikuwepo. Saa kumi na mbili na nusu alienda kuteka maji, akaacha mlango wazi. Foleni ilimweka nusu saa. Wakati huo uani walikuwepo watatu tu: Mwalimu Kathure, Salah mlinzi wa geti, na Weris anayeleta maziwa ya ngamia jikoni.

Alianza na Kathure, kwa kuwa wiki iliyopita alisikika akisema ramani ile ichomwe.

"Nilisema, na bado nasema," Kathure alicheka. "Mwaka jana niliandika historia ya visiwa hivyo, Hesbon akaisoma Nairobi kama yake. Lakini mimi ningeichoma mbele yake, dada, nimtazame uso."

Salah aliapa. "Wallahi sijatoka getini! Hii kitu ni kubwa kama mlango. Ingepita wapi nisione?"

Basi ilikuwa bado ndani. Abshiro alitafuta stoo, vyooni, na nyuma ya tangi. Saa tatu kasorobo aliipata katika rundo la kuni za jikoni. Ilikuwa imefunguliwa yote, imekuwa mzigo mmoja. Vijiti vilivyonyooka viliwekwa katikati, vilivyopindwa nje. Kauri zilifungwa kwenye kipande cha kitambaa. Kamba zote zilikuwa zimekunjwa vizuri. Hakuna hata moja iliyokatwa.

Alichuchumaa akiitazama. Yeye alizaliwa mjini, chini ya mabati, lakini alimwona bibi yake siku za kuhama. Wanawake wa wafugaji hufungua nyumba zao za vijiti na kamba fundo kwa fundo, hawatupi kamba, kisha hupanga vijiti hivyohivyo ili vibebwe na ngamia. Kathure angetumia kisu. Salah ni mwanamume, na kwao mwanamume hafungui nyumba.

Weris alikuwa akisuuza mitungi yake.

"Eedo," Abshiro alimwita kwa heshima, kama shangazi. "Mwizi angekata kamba."

Weris aliacha kusuuza. "Kisu nilikuwa nacho. Lakini kamba hizo nilizisokota juu ya paja langu, mwezi mzima. Mkono ulikataa."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Sasa nani? Hesbon? Aliniletea picha tu. Akaniambia kwamba mwaka 1788 kapteni Mwingereza alipita huko na meli, visiwa vikaitwa kwa jina lake, ilhali wenyeji wapo, wana majina yao. Alisema kwa uchungu mpaka nikamhurumia. Jana binti yangu akanisomea ile karatasi." Weris alitema mate. "Nataka asimame mbele ya wageni mikono mitupu."

"Umembomolea yeye, eedo, lakini nyumba imeniangukia mimi. Saa nne napelekwa polisi."

Weris aliupindua mtungi wa mwisho ukauke. Kisha akajifuta mikono. "Lete huo mzigo."

Saa nne na dakika tano, wageni wakiwa wamekaa, Weris aliingia ukumbini akautupa mzigo miguuni pa Hesbon.

"Mwizi ni mimi. Msichana mwacheni."

"Kwa nini, mama?" Gelle aliuliza.

"Muulize aliyetengeneza. Tena aifunge sasa hivi. Mimi nainua nyumba nzima kabla jua halijawa kali. Hii ni kidogo."

Wageni walimgeukia Hesbon. Alipiga magoti, akashika vijiti viwili, akazungusha kamba. Fundo likateleza. Akajaribu tena. Likateleza. Kathure alisogeza kiti chake mbele, auone uso.

Gelle alibandua ile karatasi, akaikunja. Alimrudishia Abshiro ufunguo bila kumtazama.

"Mama," alisema, "tafadhali, tufungie wewe."

Weris aliketi sakafuni, akajimiminia kikombe cha maziwa.

"Bado," alisema. "Mwache ajaribu."